Tunahama Minneapolis kwenda Columbus na hamsta wawili wa watoto, wasifie njiani jamani

MamaWawili
Habari zenu wapendwa. Mume wangu kapata kazi Columbus, Ohio, tunahama mwisho wa mwezi huu wa kwanza, na kinachoninyima usingizi wala si vyombo wala shule, ni hamsta wawili wa watoto, vile vipanya vya kufuga. Wale wakubwa wa rangi ya dhahabu, majike wote, wamezaliwa siku moja ila kila mmoja ana kizimba chake. Safari ni masaa 12 mkikaza mwendo, na watoto itabidi tulale njiani, labda tukishaivuka Chicago. Huku kwetu asubuhi ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Mume anasema tuwatie wote boksi moja la viatu, tutoboe matundu, tuwaweke nyuma kwenye lori la kukodi pamoja na vitanda, eti ni panya tu hao watajijua. Mama mkwe toka Tanga ndo kabisa, kacheka kwenye simu mpaka akakohoa, "huko mnawapandisha gari, sie huku tunawategea mitego". Sasa mwanangu wa mwisho kila usiku ananiuliza kama Pilipili, hamsta wake, atafika. Kuna aliyewahi kusafiri nao? Na ndege je, si ndo ingekuwa rahisi zaidi?

Fundi614
Dada karibu sana Columbus, ila kwa hili shemeji apumzike kwanza. Hamsta hao wakubwa hata wakiwa ndugu wa tumbo moja wakishakua hawakai pamoja, wanapigana mpaka mmoja afe, utafungua boksi Indianapolis ukute damu tupu. Kila mtu na chombo chake, na vyombo visigusane maana wakinusana tu njia nzima ni kuhangaika. Boksi la viatu nalo sahau, kwa yale meno saa moja nyingi kashatoka. Wala hawajaanza leo, hawa tunaofuga karibu wote ni kizazi cha wale waliochukuliwa Aleppo huko Syria mwaka 1930 wakapelekwa Jerusalem, na kule kule wakatafuna sakafu ya mbao wengine wakatoroka. Nunua kibebeo kidogo cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kufunga, kila mmoja chake.

NesiWaKisumu
Mimi naongezea hapo kwa lori. Kule nyuma hakuna hita kabisa na hiyo ndiyo itawaua, ama watakuwa kama wamekufa na wewe uwazike wakiwa hai. Na sisemi hivyo kukutisha. Mwaka wa kwanza tukiwa Wisconsin tulipotelewa na stima usiku, asubuhi nikapata hamsta wetu Simba amejikunja, baridi kama jiwe, nikimgusa hasogei, miguu imekauka. Mtoto analia, bwana yangu ashaanza kutafuta kakopo ka kumzikia. Mimi ni nesi, nikasema ngoja kwanza. Nikamweka kwa kiganja karibu na macho yangu nikatulia, nikahesabu, karibu dakika nzima hakuna kitu, halafu nikaona ndevu moja tu imetikisika. Alikuwa anapumua lakini mara moja moja sana. Nikamfunga na taulo nikamweka hapa kifuani ndani ya sweta, usimweke juu ya hita wala maji moto, apate joto polepole, na baada ya saa moja hivi akaanza kutetemeka, alafu akaniuma kidole! Sijawahi kufurahia kuumwa hivyo.
Kwa hivyo waweke ndani ya gari na nyinyi, nyuzi 20 hivi, chini nyuma ya kiti cha mbele ama kwa kiti na mshipi, mbali na pale hita inapuliza na mbali na jua la dirisha maana joto jingi pia ni mbaya. Na washa gari lipate joto kabla ya kuwatoa nyumbani.

MamaWawili
Mungu wangu, kumbe ningezika kiumbe hai. Nimemsomea mume hiyo ya nesi kanyamaza kimya. Sasa chakula na maji je? Na wanatakiwa vitu vyao vyote, lile gurudumu na kinyumba?

BintiTanga_DE
Mi nipo Ujerumani, nasafiri na wangu kwenye treni kila Krismasi, huku kanyama kadogo kakiwa ndani ya kibebeo hakalipiwi nauli. Gurudumu na kinyumba kizito vitoe, breki moja tu vinamwangukia. Chupa ya maji pia itoe wakati gari linatembea, kila mkiruka shimo inadondosha tone, maranda yanalowa, na hamsta aliyelowa kwenye baridi ndo huyo anaugua. Mpe kipande cha tango kama ukubwa wa kidole gumba, atapata maji humo humo, halafu mkisimama sheli unamrudishia chupa dakika kumi. Chakula kidogo tu, mwenyewe anacho cha akiba mashavuni 😄
Halafu kitu ambacho watu wanakosea, wanasafisha kizimba siku ya safari ili "aende msafi". Usithubutu! Hamsta haoni mbali, nyumba yake anaijua kwa pua, we chukua yale maranda aliyolalia wiki nzima jaza kibebeo mpaka juu ajifukie. Funika na kitambaa chepesi, acha upenyo wa hewa. Mchana ndo muda wao wa kulala kwa hiyo mtembee mchana, na watoto wasimfungue kila saa kuangalia kama mzima. Na muziki punguzeni, masikio yao yanasikia hata sauti ambazo sie hatuzisikii.

Mzee_wa_Njia
Kwenye ndege mashirika mengi makubwa ya Marekani yanakataa, hamsta kwenye kabini ni Frontier ndo wanapokea safari za ndani, nao piga simu kwanza. Treni za Amtrak ni mbwa na paka tu. Endesheni gari.

DogoJanja_ATL
hiyo ya wasimfungue ni kweli aisee, mdogo wangu alimtoa wa kwetu kwenye gari akazama chini ya kiti, tumemtafuta na tochi masaa mawili. tulichofanya usiku tukaweka ndoo ndefu na tishu na mbegu za alizeti ndani, tukaegemeza kitabu kama ngazi, asubuhi yuko ndani ya ndoo analala na mashavu yamejaa. mkifika moteli laza vibebeo bafuni na ufunge mlango

NesiWaKisumu
Na mkifika, siku mbili tatu za kwanza angalia mkia. Mshtuko wa safari unaweza kuwaletea kuhara, ukiona manyoya ya hapo nyuma yamelowa usingoje kesho, tafuta daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, hiyo inaua haraka sana.

MamaWawili
Tumefika juzi!! Samahani kwa kuchelewa, intaneti imeunganishwa leo. Pilipili kalala njia nzima hata hakujua kama tumeivuka Indiana, huyu mwingine, Asali, alikataa tango akawa anakwaruza pembeni mpaka nikafunika kitambaa ndo akatulia. Moteli wote wawili bafuni, mume mwenyewe ndo alikwenda kuwachungulia mara tatu usiku, sijasema kitu. Jana Asali hakula, nikaanza kuangalia mkia kila saa kama kichaa, mkavu. Leo saa tisa usiku mume kaniamsha, "sikia hiyo kelele", kumbe ni gurudumu linazunguka. Nikamwambia liache.