Tija ya huduma Tanzania: tatizo ni mfanyakazi au kanuni?

Mtoa mada: Kila tija ndogo ya maduka, hoteli na huduma za fedha inapojadiliwa, lawama humwangukia mfanyakazi: hana lugha nzuri kwa mteja, hajui kompyuta, basi apelekwe mafunzo. Naipinga hoja hiyo, kwa sababu saa nyingi za watu hawa huliwa na mambo ambayo mafunzo hayayagusi kabisa.

Chukueni wakala wa fedha kwa simu. Zamani aliyetumiwa fedha kutoka mtandao mwingine alipokea namba ya siri, kisha akamtafuta wakala wa mtandao uliotuma ili azitoe taslimu. Makubaliano yaliyoanza mwaka 2014 kati ya Tigo, Airtel na Zantel, ambayo Vodacom ilijiunga nayo mwaka 2016, yaliwezesha fedha kuingia moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji. Hakuna wakala aliyepelekwa semina. Washindani walikubaliana tu. Julai 2021 ikaja tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, na ingawa Septemba ilipunguzwa kwa asilimia 30, wengi waliokuwa wakimtumia muuza duka fedha kwa namba yake ya kawaida walisharudi kwenye noti, naye akarudi kuomba chenji kwa jirani huku foleni ikimsubiri.

Mchangiaji: Ndugu mtoa mada, umechagua mfano unaokufaa. Mhudumu wa hoteli Arusha asiyeweza kumwelewa mgeni hatasaidiwa na kanuni yoyote. Tena fedha za tozo zilielekezwa kwenye vituo vya afya na madarasa, na mfanyakazi mgonjwa hana tija.

Mtoa mada: La hoteli nalikubali, lakini tujiulize kwa nini mhudumu huyo hafundishwi. Mwenye hoteli humwajiri kwa msimu, na akimfundisha vizuri, jirani humchukua. Mwajiri huyohuyo, akiwa na wafanyakazi kumi au zaidi, hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi wake, na sehemu tu ya fedha hizo ndiyo huenda kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Pendekezo langu ni kwamba anayethibitisha kuwa amefundisha wahudumu wake apunguziwe tozo hiyo kwa kiasi alichotumia. Anayeona Hazina haiwezi kumudu punguzo hilo atueleze basi nani mwingine agharimie mafunzo hayo anayoyadai.