Tupeane uzoefu: mzazi mzee kaambiwa apasuliwe, na hatari ni kubwa

KITINDAMIMBA
Ndugu zangu, jana nimetoka kliniki na mama, ana miaka 82. Vali ya moyo inayopeleka damu mwilini imekaza. Akipanda ngazi anasimama katikati, na wiki iliyopita alizimia bafuni. Ana kisukari, na figo zimeanza kuchoka. Daktari wa kwanza anataka kufungua kifua abadilishe vali. Wa pili anasema vali ipitishwe kwenye mshipa wa paja, kifua kisiguswe. Wa tatu, ambaye ndiye amemtibu mama miaka yote, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kaeni na mama mzungumze." Tukakaa. Tulizungumza ndugu wanne kwenye simu hadi saa sita usiku. Asubuhi ndipo nikagundua kwamba mama hakuwamo kwenye hayo mazungumzo.

Mliopitia haya, mlifanyaje? Mliuliza nini ambacho mimi sijui kukiuliza?

FUNDI SAA
Pole dada. Mimi nasema atibiwe, tena haraka. Vali iliyokaza haifunguliwi na vidonge, vidonge vinatuliza dalili tu. Msikae mkijadiliana huku mzazi anaanguka bafuni.

JIRANI MWEMA
Ulizia sana hiyo njia ya paja. Imeanza mwaka 2002 kule Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier alipomwekea mgonjwa ambaye kifua chake hakuna aliyethubutu kukifungua. Siku hizi wazee wengi wanapita hapo. Ila nayo ina hatari zake, kiharusi kimojawapo, na mwenye figo dhaifu aulizie ile dawa inayochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha.

BINTI MKUBWA
Niruhusuni niandike kwa urefu. Nimesoma hapo kwenye "mama hakuwamo" nikaacha kila nilichokuwa nafanya.

Baba alikuwa na miaka 84. Tumbo lilimshika jioni, kufika usiku limekuwa gumu kama ubao. Picha ikaonyesha utumbo umetoboka. Daktari wa upasuaji alitoka kumpasua mmoja na alikuwa anarudi kumpasua mwingine, kofia bado kichwani. Akatuambia, "Tusipompasua hatamaliza siku mbili. Tukimpasua, ana nafasi." Kaka akauliza, nafasi kiasi gani? Akajibu, "Tutajitahidi." Nikasaini. Tangu alipofungua mdomo mpaka nilipoweka kalamu chini hazikupita dakika tano.

Upasuaji ulifanikiwa. Ndivyo tulivyoambiwa, na ni kweli: kipande kibovu kilikatwa, usaha ukaoshwa. Akapelekwa ICU akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya nne figo zikagoma, ikaletwa mashine ya kusafisha damu. Siku ya kumi na mbili wakaomba kumtoboa koo ili mrija wa mdomoni utolewe. Kila hatua ilikuja na karatasi yake, nasi tulisaini zote, maana mtu ukishafika katikati ya mto unaona kurudi ni sawa na kuvuka. Alipozinduka akawa ananiita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Akavuta mirija, wakamfunga mikono kwa vitambaa. Baba yangu huyu, ambaye hata kucha hakuwahi kukubali kukatwa na mtu mwingine. Alifariki siku ya 33.

Sasa kilichonifanya niandike. Baada ya mazishi nilimwaga mkoba wangu kitandani nikitafuta funguo. Vikaanguka vifaa vyake vya masikio. Nilimvua mwenyewe usiku ule mapokezi, walipokuwa wanampeleka kupigwa picha, nikaviweka visipotee. Kwa hiyo wakati daktari anasema yale maneno, baba alikuwa amelala hatua mbili kutoka tuliposimama, macho wazi, akili timamu, anatutazama midomo. Alinivuta mkono wa gauni mara mbili. Nikamwambia, "Tulia baba, tunaongea na daktari."

MAMA PACHA
Hapo kwenye mkoba nimeshindwa kuendelea.

KALAMU YA WINO
Pole sana dada yetu. Sina neno.

FUNDI SAA
Pole sana. Lakini bila upasuaji angekufa, usijitese. Ulifanya la mtoto kufanya.

MWANA WA TATU
Fundi, soma tena. Hajasema baba angepona. Anasema hakuulizwa.

FUNDI SAA
Mtu ana usaha tumboni umuulize nini? Kuna saa ya kuuliza na saa ya kuokoa.

MWANA WA TATU
Umuulize kama anataka kuokolewa kwa njia ile! Au atulizwe maumivu, awekwe karibu na watoto wake, aagane nao. Baba wa watu alikuwa na akili zake. Wewe leo ukipelekwa hospitali utafurahi wanao wakikupita juu ya kichwa?

FUNDI SAA
Mimi wanangu nawaamini.

MWANA WA TATU
Basi waambie leo unachotaka, wasije wakabahatisha.

ZAMU YA USIKU
Nimefanya kazi ICU muda mrefu, niseme kidogo. Binti mkubwa, kwanza upumzishe moyo. Miwani na vifaa vya masikio vinabaki mikobani kila siku, na mara nyingi ni sisi wauguzi tunaowaambia ndugu wavitunze. Vinatakiwa vibaki kwa mgonjwa. Mzee asiyeona vizuri wala kusikia huchanganyikiwa kwa urahisi zaidi baada ya upasuaji. Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti wa wazee waliolazwa wodi za kawaida: wavae miwani, wasikie, walale usiku, wanywe maji, watembezwe, waelezwe leo ni siku gani na wako wapi. Kati ya waliofanyiwa hayo, waliochanganyikiwa akili walikuwa asilimia 9.9, wakati wale wa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 15. Hakuna sindano wala kidonge kipya hapo.

La pili ni kwa mwenye mada. Swali la "atapona?" halitoshi. Kuna wagonjwa 226 wa miaka 60 kwenda juu, wenye maradhi mazito, waliohojiwa na utafiti ukatoka katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine mwaka 2002. Tiba nyepesi inayowarudisha kwenye hali yao ya sasa, karibu wote waliikubali. Walipoambiwa kwamba kwa tiba hiyohiyo wataishi lakini akili itakuwa imeharibika vibaya, karibu tisa katika kila kumi walikataa. Kwa hiyo muulize daktari: baada ya miezi mitatu mama atakuwa anaishije? Ataoga mwenyewe? Atatujua? Halafu geuka umuulize mama lipi kati ya hayo anaweza kuishi nalo na lipi hawezi.

JIRANI MWEMA
Takwimu za watu wengine hizo, mama yake ni mmoja.

ZAMU YA USIKU
Ndiyo maana nimesema aulizwe yeye.

MJUKUU WA BIBI
Bibi yangu alivunjika nyonga akiwa na miaka 91. Wote tulisema asipasuliwe, yeye akasema apasuliwe. Anatembea na fremu mpaka leo.

ZAMU YA USIKU
Nyonga ni habari nyingine kidogo, upasuaji wake ni tiba ya maumivu pia. Mfupa uliovunjika, kila akigeuzwa kitandani analia. Hata hivyo wapo wazee waliokwisha kudhoofika sana ambao familia na madaktari hukubaliana nao watulizwe maumivu tu.

MIAKA THEMANINI NA MOJA
Wanangu, nimesoma yote. Mnatuzungumzia kama tumekwisha kuondoka.

Mimi mshipa mkubwa wa tumboni ulivimba ukafika sentimita sita. Ukipasuka wenyewe, wengi hawafiki hata hospitali. Daktari wa kwanza aliongea na mwanangu kwa dakika ishirini, mimi akaniuliza jina. Nikaomba mwingine. Huyu wa pili alivuta kiti akakaa, macho yetu yakawa sawa, akachukua karatasi akachora mistari miwili ya kusimama, mmoja kupasuliwa, mmoja kutopasuliwa. Juu ya kila mstari akaweka nyota: mambo yakienda vizuri kabisa. Chini kisanduku: yakienda vibaya kabisa. Kati akaweka duara: pale anapodhani mimi nitaangukia. Kila alama akaisimulia kama hadithi, nitaamkaje, nitakuwa wapi, nani ataninawisha. Baadaye nilisoma kwamba njia hii ilitengenezwa na daktari wa upasuaji Gretchen Schwarze na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani.

Nikachagua kupasuliwa, kwa sharti: nikikaa wiki mbili kwenye mashine bila dalili ya kurudi, mashine iondolewe, nitunzwe bila maumivu. Hilo mliseme kabla ya kisu. Wapo madaktari wa upasuaji wanaohesabu kwamba ukiwakubalia kisu umewakubalia na yote yanayofuata. Huyu wangu alifikiri, akakubali, akaliandika kwenye faili.

Duara lilisema nguvu zitachukua miezi kurudi. Ilichukua minane, na nilikuwa najua.

KALAMU YA WINO
Shikamoo mzee. Asante sana kwa hili.

MIAKA THEMANINI NA MOJA
Marahaba mwanangu.

MAMA PACHA
Na kama mzazi hajui anaumwa nini? Mama mkwe ana saratani ya utumbo, wanawe wamekataza asiambiwe, na upasuaji ni mwezi ujao. Anadhani anatolewa uvimbe wa kawaida.

MWANA WA TATU
Mwambieni. Mficha maradhi kilio humuumbua.

FUNDI SAA
Hapana, kuna watu habari hiyo inawamaliza kabla ya ugonjwa. Shemeji yangu alikata tamaa siku ileile, akaacha hata kula.

MWANA WA TATU
Kwa hiyo apasuliwe kwa uongo?

ZAMU YA USIKU
Msigombane. Muulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani. Wapo watakaosema "niambieni yote", na wapo watakaosema "ongeeni na mwanangu mkubwa". Huo nao ni uamuzi wake. Kumnyima hata swali hilo ndiko kubaya.

JIRANI MWEMA
Nyongeza kwa mwenye mada: msiende kwa daktari kundi zima, mtu mmoja awe msemaji.

MJUKUU WA BIBI
Sisi tulikwenda wote sita na ilitusaidia, hakuna aliyesema baadaye hakuambiwa.

KALAMU YA WINO
Omba ruhusa umrekodi daktari kwa simu. Ukifika nyumbani utakuta umesahau nusu. Na daktari wa usingizi mwombeni mapema, msingoje asubuhi ya upasuaji, yeye ndiye anayejua kama moyo na mapafu vitahimili.

MAMA PACHA
Mpeane muda. Kama si dharura, kulala siku mbili na jambo hakumzuii mtu kutibiwa.

FUNDI SAA
Lakini msilale nalo miezi. Hilo tu ndilo ninalosema tangu mwanzo.

BINTI MKUBWA
Na mama avae miwani yake mkiwa kwa daktari. Na masikio, kama anavaa.

KITINDAMIMBA
Nimerudi. Nimewasoma wote, nimeandika mengi kwenye daftari. Mzee wetu, ile ya nyota na kisanduku nimeichora na nitaenda nayo.

Jioni nilikaa na mama peke yetu. Nilianza na lile la Zamu ya Usiku, nikamuuliza lipi hawezi kuishi nalo. Hakujibu. Akaomba miwani na kalamu, akaandika maswali yake mwenyewe, sita. Matano tulikuwa tumeyagusa humu: maumivu, kumbukumbu, mashine, kuoga, na kama atakufa mezani. La sita hakuna hata mmoja wetu ndugu wanne aliyelifikiria, na tunajua vizuri kwamba baba ni kipofu na ni yeye anayemlisha. Ameandika: "Njia ipi itaniwahisha kurudi kwa baba yenu, na mpaka nirudi atakuwa na nani?"

Miadi ni Alhamisi. Tunakwenda wawili, mama na mimi. Kaka zangu leo wanapanga zamu za kukaa na baba.