Pure Data: Nataka kutoka BPM 90 hadi 100 bila sauti kupanda, nifanyeje?

kibwagizo_tz

Wakuu, salaam. Natumia Pure Data (Pd), programu ya kuunda sauti kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya. Nina lupu mbili (vipande vya sauti vinavyojirudia) za WAV, mono, sampuli 44100 kwa sekunde. Moja ni ngoma tupu, mdundo wa tatu-tatu. Nyingine ni mwanamume anaimba kibwagizo. Kila moja ina mapigo 8 kwa BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika), yaani sekunde 5.333, sampuli 235200. Nazisoma kwa phasor~ (inapanda 0 hadi 1 na kurudia), halafu *~ 235200 (kuzidisha), halafu tabread4~ (inasoma jedwali lenye sauti). phasor~ ikiwa Hz 0.1875 zinatoka sawasawa. Nikipandisha phasor~ hadi 0.20833 nafika BPM 100, lakini mwimbaji anakuwa na sauti nyembamba isiyo yake.

Nahitaji tempo ibadilike papo hapo jukwaani, kati ya 80 na 110, pichi (wembamba au uzito wa sauti) ibaki ilipo. Nimejaribu mfano wa I07.phase.vocoder uliomo ndani ya Pd, unaobadili kasi bila pichi kwa kuchambua masafa ya sauti: sauti inaridhisha, ila ngoma inasikika kama imepigwa ndani ya pipa. Nishike njia ipi?

fundi_waya

Karibu mkuu. Kwanza hicho unachokisikia: 100 ukigawa kwa 90 ni 1.111, na hiyo ni nusu toni 1.8 juu. Ukisoma jedwali kwa kasi zaidi, kila wimbi linafupika, kwa hiyo tempo na pichi zinakwenda pamoja. Kuzitenganisha kunataka ukate sauti vipande vidogo, kila kipande kisomwe kwa kasi yake ya asili, na kinachobadilika kiwe mahali pa kuanzia kusoma.

Vipande hivyo vidogo ndivyo chembe, na njia ya chembe iko hivi. Tuchukue chembe ya ms 100, ambayo ni sampuli 4410.

Mahali: ile phasor~ yako ya 0.20833 ikipita *~ 235200. Hii sasa haisomi jedwali, inaonyesha tu tulipo.

Chembe: phasor~ 10 (1000 gawa kwa 100). Toa waya wa pili kwenda +~ 0.5 kisha wrap~ (inabakiza desimali tu), hiyo ndiyo chembe ya pili inayopishana na ya kwanza nusu kwa nusu.

Kila chembe ifanyiwe haya: peleka mahali kwenye mlango wa kushoto wa samphold~, na fazi ya chembe (ile 0 hadi 1 ya phasor~ 10) kwenye mlango wa kulia. samphold~ inanasa thamani mpya pale tu mlango wa kulia unaposhuka, yaani chembe inapoanza upya. Usipoiweka, mahali panaendelea kusogea ndani ya chembe na pichi inapanda vilevile. Wengi hukwama hapo. Kisha fazi *~ 4410, jumlisha na kilichonaswa, ongeza 1, ingiza tabread4~.

Dirisha (linaloinua na kushusha sauti ya kila chembe taratibu): fazi, -~ 0.5, *~ 0.5, cos~, halafu zidisha matokeo kwa yenyewe kwa kupeleka waya mmoja milango yote miwili ya *~. Ukizidisha hivyo, madirisha mawili yanajumlika kuwa 1 kamili muda wote. Ukiacha cos~ peke yake, sauti inavimba kidogo pale chembe zinapokutana.

Ukitaka kubadili pichi peke yake, zidisha ile 4410 kwa 2 kipeo n/12, n ikiwa idadi ya nusu toni.

Chembe44

Naongezea kuhusu urefu wa chembe, maana ndipo ubora ulipo. Chembe zako zinaanza kila baada ya ms 50. Ukienda 90 hadi 100, katika ms 50 hizo mahali panasogea ms 55.6. Kwa hiyo chembe mbili zinazopishana zinasoma sehemu zilizoachana kwa ms 5.6. Kwa sauti ya mtu hilo linaleta mashimo (masafa yanayofutika) kuanzia Hz 90 na kuendelea, unasikia kama anaimba ndani ya bomba. Kwa ngoma, pigo moja linakuwa mawili yaliyobanana.

Ukipunguza chembe hadi ms 40, pengo linashuka hadi ms 2.2 na ngoma inakaza. Lakini chembe sasa zinaanza mara 50 kwa sekunde, na sauti ya mtu inapata mvumo wa chini usiokuwepo. Ms 60 hadi 100 kwa sauti, 30 hadi 50 kwa ngoma. Ukisikia mtetemo wa chuma, vuruga mahali kidogo: noise~, *~ 100, jumlisha kabla ya samphold~. Hiyo ni ms 2.3 mbele au nyuma, inatosha.

mpiga_msondo

Kwa ngoma mimi nashauri chembe uziweke kando kabisa. Pigo la ngoma lina uhai wake katika ms chache za mwanzo, na njia yoyote inayochanganya madirisha inaugusa uhai huo. Ikate lupu kwenye mapigo yenyewe.

Mdundo wako ni wa tatu-tatu, basi vipande ni 24 (8 mara 3), SIYO 16. 235200 gawa kwa 24 ni 9800 kila kimoja. Ukikata 16 unapata 14700 na visu vinapita katikati ya mapigo. Hapo utadhani njia ni mbovu kumbe hesabu ndiyo iliyokosea.

Kwenye BPM 100 metro (saa inayogonga kila kipande) iwe ms 200. Hesabu 0 hadi 23 kwa f, + 1, mod 24, kisha * 9800. Tuma kwa vline~ (inapeleka thamani kutoka moja hadi nyingine kwa muda uliotajwa): ruka hadi mwanzo wa kipande, kisha nenda mbele sampuli 9800 kwa ms 222.2. Huo ndio mwendo wa asili, pichi haiguswi. Tumia vline~, achana na line~: line~ inasubiri mpaka wa bloku ya sampuli 64, karibu ms 1.5, na kwa ngoma hiyo inasikika.

Bahasha (kupanda na kushuka kwa sauti) ya kila kipande ni vline~ nyingine yenye ujumbe `1 3, 0 5 195`: panda kwa ms 3, na ms 195 zikifika shuka kwa ms 5. Hapo tik tik zinaisha. Kupanda kwa ms 3 kutakula makali ya pigo, kwa hiyo anza kila kipande sampuli 132 kabla ya pigo. Acha kimya cha sampuli hizo mwanzoni mwa faili ili kipande cha kwanza kisiende chini ya sifuri.

Mpigaji wa kweli hapigi kwa rula. Sikiliza kila kipande peke yake, andika mianzo halisi 24 kwenye jedwali dogo na uisome kwa tabread badala ya * 9800.

Ukishuka hadi 80, metro inakuwa 250 na kila kipande kinaacha pengo la ms 28. Ngoma yenye mwangwi mfupi haidhuriki. Yenye mwangwi mrefu, vline~ ifike karibu na mwisho wa kipande kisha irudi nyuma hadi ms 250 ziishe.

fundi_waya

Nakubaliana na msondo, kwa ngoma hiyo ni bora kuliko yangu.

Na kwa sauti ya kibwagizo, I07 yako iache ifanye kazi, ila angalia dirisha, yaani idadi ya sampuli inazochambua kwa mara moja. Sampuli 2048 kwa 44100 zinatenganisha masafa kila Hz 21.5, na dirisha la Hann (umbo kama lile la cos~ iliyozidishwa kwa yenyewe) linatanda vipimo vinne, yaani Hz 86. Mwanamume anayeimba karibu na Hz 100 ana sauti za juu zilizoachana Hz 100, basi 2048 inazitenganisha kwa shida na 1024 inazichanganya. Akishuka chini zaidi panda 4096. Washa pia swichi ya lock. Inafunga fazi za masafa jirani, na ule ukungu unapungua.

Ukijijengea yako: block~ 2048 4 (dirisha la 2048, yakipishana mara 4) ikae kwenye pachi ya ndani, dac~ (mlango wa kwenda spika) ibaki nje. rfft~ na rifft~ (zinageuza sauti kuwa masafa na kuirudisha) hazipimi kiwango, kwa hiyo ukiweka Hann kuingia na kutoka, gawa kwa 3072 (2048 mara 1.5). Usipogawa, spika zitalia vibaya. Punguza sauti kabla ya kuwasha.

kibwagizo_tz

Shukrani sana wakuu. Vipande 24 vimetoka safi, na sauti nimeiacha I07. Chembe nazitumia kwa zeze. Yamebaki matatu: chembe ya mwisho wa lupu inazima, sauti iko nyuma ya ngoma kidogo, na nikiweka rekodi ya dakika 3 chembe zinakwaruza kadiri inavyosonga.

Chembe44

La kwanza: chembe inavuka mwisho wa jedwali, na tabread4~ inabaki kwenye sampuli ya mwisho. Nakili ms 100 za mwanzo uzibandike mwishoni mwa WAV, jedwali liwe 239610, lakini kizidishi cha mahali kibaki 235200.

La pili: icheleweshe ngoma kwa delwrite~ na delread~. Anza ms 20, panda hadi 50, simama masikio yakikubali.

La tatu ni tarakimu. Ishara za Pd zina biti 24 za usahihi. Ukipita sampuli 1048576, karibu sekunde 24, sehemu ya desimali inabaki na hatua za 1/8. Kwenye dakika ya 3 ni 1/2, na tabread4~ haina cha kulainisha. Tumia mlango wake wa kulia: peleka hapo mwanzo wa kila ubeti, na mahali pahesabiwe upya kutoka sifuri.