Jumamosi napelekwa kufukiwa mchangani Ibusuki, nivae nini?

Binti Pangani: Habari zenu wana jukwaa. Niko Kagoshima, kusini mwa Japani, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Wenzangu wa kazini wananipeleka Ibusuki, ufukweni, ambako mtu hulazwa akafukiwa mchanga hadi shingoni. Mchanga wenyewe unapashwa moto na chemchemi iliyo chini yake. Kufukiwa siogopi. Naogopa uchi! Mimi hata dada zangu hawajaniona bila kanga. Halafu nimesuka rasta.

Mkuu Ndizi: Ondoa shaka dada. Unapewa yukata, vazi jepesi la pamba, unalala nalo hivyo hivyo. Wahudumu wanakufukia kwa sepetu. Dakika kumi zinatosha, moto ukizidi inuka, hakuna kombe linalogombaniwa.

Chumvi Kidogo: Mkuu umemficha nusu ya habari. Ukitoka hapo una mchanga mpaka masikioni, unaenda kuoga, na huko yukata unaivua. Wanawake kwao, wanaume kwao, ila ni uchi wa mnyama, nguo ya kuogelea haitakiwi. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua, unajisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia kwenye bwawa la maji moto. Ukitangulia bwawani hujaoga, umewaharibia wote. Kitaulo jisitiri nacho ukitembea, lakini kisiguse maji. Wenyeji hukikunja wakakiweka kichwani. Rasta zifunge juu.

Binti Pangani: Ndiyo basi tena, naghairi safari.

Chumvi Kidogo: Wee! Bwawa si lazima. Oga pale kwenye kigoda, jifute, toka. Siku nyingine tafuta kashikiri, bafu la kukodi, unajifungia peke yako.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, kama una mimba, presha au tatizo la moyo, muone daktari kwanza. Kunywa maji kabla na baada. Cheni ya fedha iache nyumbani, chemchemi zenye salfa huigeuza nyeusi.

Binti Pangani: Nimerudi jamani. Mchanga mzito, kama umelaliwa na magunia ya mchele yaliyoanikwa juani! Dakika ya tano nasikia moyo unadunda kwenye vidole vya miguu. Pua ikaniwasha, na mikono iko chini. Mama mhudumu akanifuta jasho. Kuoga nilichukua kigoda cha mwisho, ukutani. Bibi wa pembeni hakunitazama mwili hata kidogo, alishangaa rasta tu, akaniuliza kwa ishara kama ni nywele zangu. Nikamdanganya ndiyo.

Bwawani sikuingia.

Mkuu Ndizi: Na mchanga wa masikioni?

Binti Pangani: Mpaka sasa unatoka.