Naombeni ushauri: nimechaguliwa Mkwawa (MUCE), nipange Ipogolo au karibu na chuo?

Binti_Pangani:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wenu natokea Pangani, nimechaguliwa Mkwawa, kile chuo kikuu cha elimu cha Iringa, ualimu wa sayansi. Iringa sijawahi kufika, baridi yake naisikia tu kwa watu. Mkopo nimepata ila haujafika kote, sehemu ya ada anaimalizia baba, na baba ni mvuvi. Kuna kaka wa mtaani kwetu anaendesha lori la Tunduma, kanitafutia chumba Ipogolo, 35,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Dalali anasema nitume hela leo maana wateja ni wengi. Jirani na chuo ameambiwa havishuki 50,000. Hiyo 15,000 kwetu ni hela. Nitume? Na kwa hiyo baridi nijiandae vipi?

mwl_chaki:
Hongera sana mdogo wangu. Nimesoma hapo, acha nikupe ramani. Ipogolo iko bondeni kwenye barabara kuu ya Dar–Mbeya. Mji uko juu, unaupandia kilima. Mkwawa iko ng'ambo ya mji, njia ya kwenda Kalenga. Yaani kutoka Ipogolo unapanda gari mpaka mjini, unashuka, unatafuta jingine la chuo. Jioni hivyo hivyo. Nauli nne kwa siku, siku tano za wiki. Chukua kalamu upige hesabu uone kama hiyo 15,000 yako bado ipo.

Halafu sayansi si kama wenzio wa sanaa. Praktiko ya kemia ikianza saa nane mchana inaweza kukutoa jioni kabisa, na wiki za mitihani kila mtu yuko maktaba mpaka usiku. Ukitoka saa tatu unusu ukakuta daladala zimeadimika, ni bodaboda kukatisha mji mzima. Kwa mtoto wa kike mimi sishauri.

Hosteli ya chuo umeomba?

Mpangaji_Sugu:
Usitume hata mia. Dalali anayesema "leo leo" na wewe uko Pangani, huyo anakusoma. Chumba kinaonwa kwa macho. Fungua bomba, maji yatoke mbele yako. Uliza luku ni ya nani: kama mko wapangaji sita kwenye mita moja, kuna mmoja atapikia jiko la umeme na mtagawana sawa kwa sawa, mimi niliishi hivyo mwaka mzima nikabaki na kinyongo. Angalia na choo ni cha ndani au cha uani, Julai utanikumbuka saa nane za usiku.

Ukiridhika, mlipe mwenye nyumba mwenyewe, mkataba uandikwe, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Dalali mpe chake pembeni.

Binti_Pangani:
Asanteni jamani. Yule kaka naye hajakiona chumba, kaoneshwa picha kwenye simu. Hosteli niliomba, majibu bado.

Mpangaji_Sugu:
Picha! Basi tumemaliza.

Kamwene_Kihesa:
Kamwene mgeni. Suala la baridi lina mtego. Mnafungua chuo Oktoba au Novemba, jua kali na vumbi, utawapigia nyumbani uwaambie walikutisha bure. Ikifika Juni na Julai ndipo utajua mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu, upepo unapenya chini ya mlango, maji ya kuoga lazima yapite jikoni. Blanketi zito usilibebe kutoka Tanga, mitumba ya huku ina masweta na makoti ya maana.

Ila shika hili moja. Jiko la mkaa USILILAZE NDANI. Watu wanafunga dirisha, wanaziba chini ya mlango kwa kanga, wanaacha mkaa unawaka wapate joto. Moshi hauonekani, harufu hakuna, na hawaamki. Ukishapika toa jiko nje, hata kama limebaki kaa moja.

Tosa_la_Mwisho:
Baridi dawa yake ulanzi tu dogo, pombe ya mianzi 😂

Kamwene_Kihesa:
Ulanzi ni wa masika kaka. Hiyo Julai utaukuta wapi?

Bi_Mkubwa_Gangilonga:
Mwanangu, hawa wamesema yote ya chumba, mimi nasema la boom, hiyo hela ya kujikimu ya mkopo. 10,000 kwa siku inaonekana nyingi kwa sababu inakuja rundo. Siku ya kusaini utaona wenzio wanavyobadilisha simu. Wewe nunua kwanza mchele, maharage, mafuta na mtungi mdogo wa gesi, kisha ndio uangalie kilichobaki. Mboga huku si shida, sokoni zimejaa.

Na usijifungie chuoni miaka mitatu. Kalenga iko njia hiyo hiyo ya chuo, fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe lililorudishwa 1954 liko pale. Isimila ni kama kilomita 20 njia ya Mbeya, zana za mawe na zile nguzo za udongo. Wengi wanahitimu hawajafika.

Binti_Pangani:
Shikamoo mama, nimekuelewa. Sasa hosteli nikiikosa, siku za mwanzo nalala wapi?

mwl_chaki:
Wanafunzi wa kutoka Tanga hapo hawakosekani. Ingia kwenye kundi la WhatsApp la mwaka wa kwanza, waulizie, utapata dada wa kukuhifadhi wiki moja huku mkizunguka kutafuta chumba kwa miguu. Ukimpata mtu, mpangane wawili, hiyo 50,000 inakuwa 25,000.

Panga safari ufike mchana. Mabasi yanaishia stendi ya Igumbilo, nje ya mji, kwa hiyo akupokee mtu pale au upande daladala ya mjini. Na sweta usiliweke kwenye buti la basi, kaa nalo. Mkishamaliza kupanda mlima Kitonga utalihitaji.