Kata zilimpa Mmarekani Mweusi nguvu mjini, au zilimtenga?

Mwanakata: Tuanze na Richmond, Virginia. Januari 1970 jiji lilimega sehemu ya kaunti jirani ya Chesterfield, likapata wakazi wapya kama 47,000, karibu wote Wazungu. Weusi wakashuka kutoka 52% hadi 42% bila hata mmoja wao kuhama. Madiwani 9 walichaguliwa na jiji zima, kwa hiyo kundi lenye wingi likishikamana lingeweza kuzoa viti vyote. Chini ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, mabadiliko hayo yalihitaji kibali cha serikali kuu mjini Washington. Kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1975, na hadi 1977 hapakuwa na uchaguzi wa baraza. Zikachorwa kata 9, Weusi wakachukua viti 5, na Henry Marsh akawa meya.

Jiji Zima: Mkuu, wachache nao wana mbinu. Kwa viti 9 kila mpiga kura ana kura 9: unampa mgombea wenu moja, zile 8 zilizobaki humpi mtu. Kwenye kata, diwani wa Kizungu hana haja ya kukanyaga mtaa wa Weusi.

Mwanakata: Mbinu hiyo ilikuwa na dawa yake. Mobile, Alabama, iliongozwa na makamishna 3 waliochaguliwa na jiji zima, kila kiti na namba yake na kura yake peke yake, na mshindi sharti avuke nusu ya kura. Hapo utazikusanya wapi? Utawala wa makamishna ulianza 1911. Kesi ilipoamuliwa Mahakama ya Juu mwaka 1980, hakuna Mweusi aliyewahi kushinda, nao walikuwa zaidi ya theluthi ya wakazi.

Hesabu Kwanza: Mnabishania kata, wakati ugomvi uko kwenye ramani. Kwa Chicago mahakama ilitumia kipimo cha 65%, yaani sehemu ya wakazi wa kata ambayo Weusi wanapaswa kufikia ili waweze kumchagua wamtakaye: nusu, ongeza 5 kwa wingi wa watoto, 5 kwa wasiojiandikisha, 5 kwa wasiojitokeza. Ukiwarundika Weusi kwenye kata moja hadi 90%, kura za ziada zinapotea bure. Meya Mweusi wa jiji hilo, Harold Washington, alikuwa na madiwani 21 dhidi ya 29 waliomkwamisha tangu 1983. Ramani ikarekebishwa, kata 7 zikarudia uchaguzi mwaka 1986, ikawa 25 kwa 25, na kura ya kuvunja sare ikawa yake.

Jiji Zima: Sawa, lakini Richmond yenyewe ilichanganya. Tangu 2004 meya anachaguliwa na wananchi wote, ila lazima aongoze katika kata 5 kati ya 9. Asipozifikisha, wawili wa juu wanarudi kwa wapiga kura.