Najua solfa tu, chuo cha muziki nitakiweza?

Muuliza (Masasi): Wakuu, napiga kinanda kanisani mwaka wa nne huu. Solfa, yaani do-re-mi, nasoma hata usingizini, ila nota za mistari mitano sizijui kabisa. Nataka TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, baadaye nifundishe. Nitaachwa nyuma?

Jibu (Newala): Mdogo wangu, usiogope, nami nilianzia hapohapo. Kilichonitesa ni do kuhama: ukiwa G meja do ni G, ukiwa F meja do ni F. Lakini kwenye ufunguo wa G (ile alama iliyojikunja mwanzoni mwa mistari mitano), nota ya G haihami, iko mstari wa pili kutoka chini. Ishike hiyo kwanza, zingine uzihesabu kutoka hapo. Imba huku kidole kiko kwenye karatasi.

Jibu (Lindi mjini): Sindimba, ngoma ya Wamakonde, usiiache! Watoto utakaowafundisha mdundo wake wanao tayari.

Muuliza: Asanteni sana. Leo nachora mistari.